Neno Moja la Kiingereza Lagharimu Kiasi Gani Bomeni?

Toleo la pili la kamusi ya Oxford ya miandamano ya maneno, lililotoka mwaka 2009, lina miandamano zaidi ya 250,000. Mwanafunzi wa wadi ya Bomeni, Taveta, akijitia kuikariri yote, kumi kila siku ya shule, siku 180 kwa mwaka, atahitaji miaka 139. Mtu aliyeanza mwaka 1895, misheni ya CMS ilipoanza kuchapa gazeti la Taveta Chronicle huko huko Taveta, miaka minne kabla reli haijafika Nairobi, angekuwa bado anaendelea hadi leo. Angefunga kitabu mwaka 2034.

Hesabu hiyo ina mzaha, lakini swali lililo ndani yake ni la kweli. Wazazi wa Bomeni, sawa na wa Voi, Wundanyi na Mwatate, hukilipia Kiingereza kwa njia nyingi: vitabu vya marudio, masomo ya ziada, bando za intaneti, karo ya shule inayosifiwa kwamba watoto wake "wanaongea". Mtoto hurudi nyumbani na orodha ndefu ya msamiati. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kila neno kwenye orodha hiyo limekula muda gani, na likishajulikana litatumika mara ngapi. Ukipiga hesabu utaona kwamba sehemu kubwa ya gharama haiko kwenye neno lenyewe. Iko kwenye kujua neno hilo huandamana na yapi.

Kwa Kiswahili tunapiga simu, tunapiga picha na tunapiga kura. Kitenzi kimoja kinatosha. Kwa Kiingereza simu ni "make a call", picha ni "take a photo", kura ni "cast a vote", na hakuna kanuni ya sarufi inayoweza kukueleza kwa nini. Mvua kubwa ni "heavy rain", upepo mkali ni "strong wind", chai ya rangi iliyokolea ni "strong tea", msongamano wa magari ni "heavy traffic". Mwanafunzi anayejua maana ya "strong" na maana ya "rain" anajua maneno mawili, na bado hawezi kusema mvua ilikuwa kubwa bila kubahatisha. Wataalamu wa lugha huita hali hii mwandamano wa maneno, au kolokesheni. Mmoja wao, Harold Palmer, alikusanya maelfu ya miandamano kwa mkono akiwa Tokyo na kuichapisha mwaka 1933. Baadaye J. R. Firth, msomi wa London, akaliingiza jambo lenyewe katika nadharia ya maana.

Nayo si mambo ya pembezoni. Britt Erman na Beatrice Warren, katika utafiti wao wa mwaka 2000, walikadiria kwamba takriban asilimia 55 ya maneno katika matini walizochunguza yalikuwa ndani ya mafungu yaliyokwisha kufungwa pamoja tayari. Zaidi ya nusu. Msemaji wa Kiingereza hatungi sentensi neno kwa neno kama tunavyofundishwa darasani, huchota mafungu.

Sasa tuje kwenye mtihani, maana Bomeni kama kwingineko Kenya huko ndiko Kiingereza kinakopewa bei. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ina alama 60: 20 za uandishi wa kiuamilifu, 10 za kujaza mapengo na 30 za stadi za kusema na kusikiliza. Ukijumlisha karatasi zote tatu unapata alama 200. Kwa hiyo mapengo pekee ni asilimia 5 ya somo zima. KCPE, mtihani wa darasa la nane uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na mapengo 15 kati ya maswali 50. Si kila pengo hupima mwandamano, mengine hutaka kiwakilishi au kiunganishi tu. Lakini yale yaliyowatoa jasho watahiniwa wa KCPE yalikuwa ya aina hii: majibu manne yote yana maana inayokaribiana, na moja tu ndilo huandamana na neno linalofuata. Aliyekariri maana kwenye kamusi hana silaha hapo.

Kinachonisikitisha ni kwamba shule zetu zinafundisha mafungu ya maneno, tena kwa bidii kubwa, ila mafungu yasiyohitajika. Mwanafunzi wa shule ya msingi hukaririshwa tashbihi na nahau za kupamba insha: mtu awe "as fit as a fiddle", jambo litokee "in the twinkling of an eye". Daftari hujaa. Rosamund Moon alizihesabu nahau na misemo ya Kiingereza 6,776 ndani ya matini za maneno milioni 18, na kitabu chake cha mwaka 1998 kikatoa jibu lililopaswa kufika kila chumba cha walimu: zaidi ya asilimia 70 ya misemo hiyo hutokea chini ya mara moja katika kila maneno milioni moja.

Mara moja katika milioni ni kiasi gani kwa mtu anayesoma? Paul Nation wa chuo kikuu cha Victoria, Wellington, ambaye amefanya hesabu nyingi za namna hii kuliko karibu mtu yeyote, alichukulia kwamba msomaji hulazimika kukutana na neno mara 12 hivi ili limkae, na kwamba husoma kwa kasi ya maneno 150 kwa dakika. Tutumie vipimo vyake. Msemo unaotokea mara moja katika milioni utadai usome maneno milioni 12. Hizo ni dakika 80,000, yaani saa 1,333. Ukichukulia vipindi sita vya Kiingereza kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, wiki 36 kwa mwaka, mwanafunzi ana saa 144 tu za Kiingereza darasani. Akitumia saa hizo zote kusoma kimya, asifundishwe kitu kingine chochote, itamchukua zaidi ya miaka tisa kukutana na msemo huo mara 12. Katika mfumo wa 8-4-4, hiyo ilikuwa safari ya kutoka darasa la nne hadi kidato cha nne.

Chukua sasa mwandamano unaotokea mara 10 katika milioni. Maneno milioni 1.2 yanatosha, sawa na saa 133. Ni mwaka mmoja wa vipindi, na humo humo atakuwa amekutana na miandamano mingine yote ya kiwango hicho, si huo mmoja. Tofauti ya bei kati ya msemo wa mapambo na mwandamano wa kawaida ni mara 10, na wa bei ya chini ndio utakaomfaa kila siku. Mtu anayemlipia mtoto masomo ya ziada ili akariri ya kwanza ananunua bidhaa ya gharama isiyo na wateja.

Lakini hata saa 133 ni nyingi kwa mtoto wa Bomeni, na hapa ndipo mahali alipo panapobadilisha hesabu. Bomeni ni moja ya wadi tano za Taveta, pamoja na Chala, Mahoo, Mboghoni na Mata. Tanzania iko pua na mdomo. Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, ndizi na nafaka huuzwa kwa Kiswahili, na pembeni utasikia Kitaveta, Kidawida, Kichaga na Kipare. Kiingereza cha bure hakipo. Mtoto wa familia inayozungumza Kiingereza mezani hupata maelfu ya maneno kwa siku bila kulipa chochote. Wa hapa hupata yale ya mwalimu, ya kitabu, na ya televisheni ikiwapo. Kila mara anapokutana na mwandamano, amelipa: kwa muda, kwa karatasi au kwa bando. Asiyepata vya bure hana budi kuchagua anunue nini kwanza.

Kuchagua kunahitaji hesabu, na hesabu zipo. Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 ya lazima. Charles Browne na wenzake waliifanya upya mwaka 2013 kwa kutumia matini za maneno milioni 273, wakapata maneno 2,801 yanayofunika takriban asilimia 92 ya maneno yote katika matini za kawaida. Tuseme mwanafunzi anajifunza 10 kwa siku ya shule: 1,800 kwa mwaka. Orodha hiyo inakwisha kwa mwaka mmoja na nusu na ushei. Nation naye alionyesha mwaka 2006 kwamba kufikia asilimia 98, kiwango ambacho msomaji husoma gazeti au riwaya bila kukwamakwama, kunadai jamii za maneno 8,000 hadi 9,000. Orodha hizi mbili hazihesabu maneno kwa kipimo kilekile, kwa hiyo usizitoe moja kutoka kwa nyingine hadi nukta ya mwisho. Sura ya mkunjo hata hivyo iko wazi: miezi 19 ya kwanza inanunua asilimia 92, na miaka mingine mitatu inanunua asilimia 6.

Mwalimu mwenye haraka atauliza, hizo asilimia 92 zinatosha nini ikiwa mtoto anakwama kwenye neno moja katika kila 12? Hoja ni ya haki. Jibu langu ni kwamba maneno yale 2,801 bado hayajaisha kujifunzwa yanapojulikana maana. "Make", "take", "heavy", "strong" na "keep" yote yamo kwenye orodha hiyo, na ndiyo hayo hayo yanayowaangusha watahiniwa wanaodhani wameshayamaliza tangu darasa la tatu. Ron Martinez na Norbert Schmitt walitoa mwaka 2012 orodha ya mafungu 505 ya maneno ambayo hutumika sana kiasi cha kustahili kukaa miongoni mwa maneno 5,000 ya mbele ya Kiingereza, tena ni mafungu ambayo maana yake haipatikani kwa kuangalia neno moja moja. 505 kwa kumi kwa siku ni siku 51 za shule, wiki kumi na kidogo. Muhula mmoja unatosha na unabaki. Sioni ununuzi mwingine katika somo la Kiingereza unaokaribia bei hiyo.

Kwa anayeelekea chuo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilichopata hati yake mwaka 2016, kuna orodha nyingine mbili. Averil Coxhead aliteua mwaka 2000 jamii 570 za maneno ya kitaaluma, ambazo hufunika takriban asilimia 10 ya matini za kitaaluma. Kirsten Ackermann na Yu-Hua Chen walitoa mwaka 2013 miandamano 2,469 ya kitaaluma. Hiyo ya pili ni mzigo wa siku 247, mwaka na theluthi. Hizo ziachwe zingoje.

Namba hizi zote zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kopasi, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini halisi uliotiwa kwenye kompyuta ili maneno yake yahesabiwe. Ya kwanza iliyovuma ni ya chuo kikuu cha Brown, Marekani, iliyokamilika mwaka 1964: vipande 500 vya maneno kama 2,000 kila kimoja, vyote vimechapishwa mwaka 1961, jumla maneno milioni moja, yakiingizwa kwa kadi za kutobolewa. Ndani yake "the" peke yake ilitokea mara 69,971, karibu asilimia 7 ya yote. Nayo karibu nusu ya maneno tofauti yaliyomo yalitokea mara moja tu. Hapo ndipo watu walipoona kwamba milioni moja ni kidogo mno. Mwandamano wa mara moja katika milioni utaonekana humo mara moja, au usionekane kabisa, nawe huwezi kuamua jambo kwa shahidi mmoja.

John Sinclair na kikosi chake cha Birmingham walianza upya mwaka 1980 na kampuni ya Collins, wakafika maneno kama milioni 20 kamusi yao ya COBUILD ilipotoka mwaka 1987. Kopasi ya taifa ya Uingereza ilikamilika mwaka 1994 ikiwa na maneno milioni 100, asilimia 90 ya maandishi na 10 ya mazungumzo. Mark Davies wa chuo kikuu cha Brigham Young alifungua ile ya Kiingereza cha Marekani mwaka 2008, nayo sasa imepita maneno bilioni moja. Ule mwandamano wa mara moja katika milioni una mashahidi 100 katika ya Uingereza na 1,000 katika ya Marekani.

Wingi peke yake bado haumalizi kazi, kwa sababu "of the" ni jozi inayotokea mara nyingi kupita zote na haimfundishi mtu chochote. Mashine huuliza swali jingine: je, maneno haya mawili hukutana kuliko vile ambavyo bahati ingeyakutanisha? Chukua namba za mfano ambazo ni rahisi kukokotoa. Katika kopasi ya maneno milioni 100, tuseme "heavy" limetokea mara 10,000 na "rain" mara 5,000. Zidisha, kisha gawanya kwa milioni 100: kwa bahati tu yangefuatana mara 0.5. Ukikuta yamefuatana mara 200, yamekutana mara 400 zaidi ya bahati. Tuseme "strong" limetokea mara 15,000. Kwa bahati lingefuatwa na "rain" mara 0.75, na ukikuta limefuatwa mara moja, hapo hakuna undugu. Kipimo kinachotumika sana, ambacho hupima ni mara ngapi unalazimika kuzidisha mbili kwa mbili ili kufikia uwiano huo, huweka mpaka kwenye 3, yaani mara 8 ya bahati. Mfano wetu wa mvua uko kwenye 8.6. Mwalimu wa hisabati anaweza kufanya kipindi kizima na namba hizi, na wa Kiingereza akakaa nyuma akisikiliza.

Tuone bei sasa kwa shilingi. SkELL ni chombo cha bure kwenye intaneti, kilichofunguliwa mwaka 2014 na waliotengeneza Sketch Engine. Ukiandika neno hukupa hadi sentensi 40 halisi zenye neno hilo, na ukitaka, orodha ya wenzi wake. Sentensi 40 za maneno 15 ni maneno 600, dakika nne za kusoma. Linganisha dakika hizo nne na saa 133 za kungoja neno lijitokeze lenyewe kwenye vitabu. Sisemi dakika nne hizo zina uzito sawa na kitabu kizuri. Kitabu kinakupa mengine ambayo orodha ya sentensi zilizokatwa haiwezi kukupa. Ila kwa mtu anayenunua miandamano tu, punguzo ni kubwa mno kupuuzwa.

Bei za bando hubadilika, kwa hiyo nachukua namba ya kukokotolea: shilingi 20 kwa MB 250 za saa 24, na MB moja kwa kila utafutaji. Kwenye karatasi, bando hilo linatoa utafutaji 250, senti 8 kila mmoja. Katika maisha halisi halitoi hata sehemu ndogo ya hizo. Mwanafunzi mwenye nusu saa jioni atatafuta maneno saba, na kesho asubuhi MB zilizobaki zitakuwa zimekwisha muda wake. Bei ya kweli ni karibu shilingi 3 kwa neno, karibu mara 36 ya ile ya kwenye karatasi. Kwa siku 180 ni shilingi 3,600, na hiyo ni bila kuhesabu simu yenyewe. Serikali, kwa kiwango chake rasmi, humtengea mwanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa mambo yote. Bando la mtoto mmoja lingekula asilimia 16.

Mambo hubadilika mwalimu akitafuta na darasa likanakili. Shilingi 20 zilezile, wanafunzi 50, ubao mmoja: senti 40 kwa kichwa kwa siku, shilingi 72 kwa mwaka. Sentensi kumi zilizochaguliwa vizuri, neno lenyewe limepangwa katikati moja chini ya nyingine, wanafunzi wakaambiwa wataje wenzi wake wa kushoto. Wala simu ya pili haihitajiki.

Kuna njia isiyohitaji bando kabisa, na ajabu yake ni jinsi ilivyo ndogo. Maneno milioni moja ya Kiingereza, yakiwa maandishi matupu, ni kama MB 6. Kopasi yote ya Brown ingeingia kwenye simu ya kawaida na kuacha nafasi ya nyimbo. Maneno milioni 100 ni kama MB 600. Bilioni moja ni GB 6, ambazo hukaa kwenye flashi ya GB 8 inayouzwa kwa mamia ya shilingi. Programu ya AntConc, aliyoiandika Laurence Anthony wa chuo kikuu cha Waseda, Japani, hutolewa bure na hufanya kazi kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Yenye gharama ni haki za matini. Za bure zilizo rahisi kupata ni vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimeisha, na mwanafunzi atakayechota miandamano kwenye riwaya za Uingereza za karne ya 19 ataandika barua ya kuomba kazi kana kwamba anamposa binti wa mkabaila. Kwa hiyo chanzo kinachaguliwa kabla ya programu.

Na hapo linakuja suala la Kiingereza cha nani. Davies alipokusanya mwaka 2013 kopasi ya maneno bilioni 1.9 kutoka kurasa za intaneti za nchi 20, Kenya ilipata maneno milioni 41 hivi na Tanzania milioni 35. Uingereza ilipata kama milioni 388. Kenya ni asilimia 2 na kitu ya yote. Kabla ya hapo palikuwa na ile ya Afrika Mashariki iliyosimamiwa na Josef Schmied kutoka Chemnitz, Ujerumani, iliyokusanya katika miaka ya 1990 Kiingereza cha Kenya na Tanzania, cha kusemwa na cha kuandikwa, kama sehemu ya mradi wa kimataifa uliopendekezwa na Sidney Greenbaum mwaka 1988. Mradi huo ulipangia kila Kiingereza maneno kama milioni moja. Kazi za mradi huo zilikuwa za maana, lakini ukubwa wake ni ule ule wa Brown ya 1964, na tumeshaona milioni moja inaishia wapi.

Hili lina athari darasani. Mkenya husema "cope up with" na "discuss about" bila kupepesa macho, na mwenzake humwelewa vizuri. Kopasi ya Uingereza itamwambia amekosea. Ya Kenya itamwonyesha kwamba yuko na wengi. Ushauri wangu ni wa mfanyabiashara: katika chumba cha mtihani toa "up" na toa "about", kwa kuwa anayesahihisha analinganisha na kamusi za Uingereza. Nje ya hapo usijisumbue sana.

Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, baina ya Taveta na Holili, mambo ni rahisi zaidi kwa sababu uwanja ni mdogo. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na zimo kwenye orodha iliyokubaliwa, hutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kupata kibarua kwa wakala wa forodha atakutana na "declare goods", "clear goods", "pay duty", "issue a certificate" na mengine ya ukoo huo, yakijirudia kila fomu. Kwa makisio yangu hayafiki 100. Kwa kumi kwa siku, wiki mbili. Kozi ya miezi mitatu ya "Kiingereza cha biashara" inayomfundisha nahau za vyumba vya mikutano haimfai huyu.

Pengo kubwa lililobaki ni kwamba orodha zote nilizotaja zinaonyesha wanavyoandika wenye Kiingereza chao. Hakuna kati yake inayomwonyesha mwalimu wa Bomeni ni miandamano ipi hasa wanafunzi wa Kenya hukosea, na kwa kiasi gani. Kopasi kubwa ya Kiswahili ya Helsinki, toleo la 2016, ina maneno kama milioni 25. Kencorpus, iliyotolewa mwaka 2022 na watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya, ina maneno milioni 5.6 ya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Zinasaidia kujua ni jozi zipi za lugha zetu zinazovuka kwenda kwenye Kiingereza. Makosa yenyewe yamelala kwingine, kwenye karatasi za majibu.

KCSE ya mwaka 2024 ilikuwa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Insha ya ubunifu ina kikomo cha maneno 450. Tuseme kila mmoja alifika kwenye kikomo: maneno milioni 432 kwa insha moja ya mtihani mmoja, zaidi ya mara nne ya kopasi ya taifa ya Uingereza, yote kwa mwandiko wa mkono. Hakuna haja ya kuyachapa yote. Chukua karatasi moja katika kila 1,000, majina na namba za watahiniwa zimeondolewa: insha 960, maneno 432,000. Kwa maneno 300 kwa ukurasa ni kurasa 1,440. Saiba ikitoza shilingi 30 kwa ukurasa, kazi nzima ni shilingi 43,200, pungufu kidogo ya mgao wa mwaka mmoja wa wanafunzi wawili wa kutwa.